Kivuli Kando ya Barabara

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Mogogosiek)

Tunajua wengine wenu leo ni siku ya kuchuma, na majani ya chai hayangoji mkutano uishe. Kwa hiyo hatutazunguka sana.

Tulipoalikwa tuzungumze juu ya kupanda miti kando ya barabara ili kupunguza joto la mjini, hata sisi tulicheka kidogo. Mogogosiek na joto? Hapa tuko kwenye nchi ya chai, kama mita 2,000 juu ya bahari, mahali ambapo mtu anavaa sweta asubuhi na mvua ya mawe inaangusha majani ya chai kabla hujamaliza kuweka kikapu chini. Mtu wa Kisumu akisikia tunalalamika juu ya jua atatuona watu wa ajabu.

Lakini hebu tuangalie vizuri. Ukitembea katikati ya chai saa saba mchana, unasikia baridi ya majani. Halafu unafika kwenye senta yenyewe, pale penye lami, mabati, ukuta wa mawe na uwanja uliokanyagwa mpaka ukawa kama sakafu, na ghafla jua linakupiga usoni. Ni hatua mia chache tu, na ni kama umeingia nchi nyingine. Hiyo tofauti ndiyo tunayozungumzia. Mji una joto lake wenyewe, na hata senta ndogo kama zetu imeanza kuwa na lake.

Kwa nini iwe hivyo? Mnajua ule mtungi wa udongo ambao mama zetu waliwekea maji. Maji yake yalikuwa baridi kwa sababu mtungi unatoka jasho, na lile jasho likikauka linaondoka na joto. Majani ya mti yanafanya kazi hiyo hiyo mchana kutwa. Mizizi inavuta maji, majani yanayatoa hewani kama mvuke, na hewa ya hapo inapoa. Lami haina jasho. Ni nyeusi, inameza jua tangu asubuhi, na ikifika jioni inakurudishia lile joto miguuni. Mabati na saruji ni ndugu zake. Kivuli cha mti mmoja mzuri kinaweza kufanya uso wa lami au ukuta uwe na nyuzi 11 hadi 25 chini kuliko ule ulioachwa juani saa za jua kali. Hewa yenyewe haipoi kiasi hicho. Mahali penye miti mingi, hewa inaweza kupungua nyuzi 1 hadi 5. Lakini mama aliyekaa chini na nyanya zake anapigwa na jua kutoka juu, na lami inamchoma kutoka chini. Kivuli kinamwondolea yote mawili.

Msitusadiki tu kwa maneno. Chukueni chupa mbili za maji. Moja iwekeni kwenye lami juani saa saba, nyingine chini ya mti, halafu saa tisa mshike zote kwa mkono. Watoto wa shule wanaotembea bila viatu wanajua jibu tayari.

Kuna jambo lingine. Wataalamu waliopitia vipimo vya hali ya hewa vilivyowekwa kwa miaka mingi katika mashamba ya chai ya Kericho waliona kwamba kati ya mwaka 1979 na 2009 joto la huku kwetu lilipanda karibu nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Ni kidogo ukilisema haraka haraka. Lakini wazee waliopo hapa wanakumbuka mbu walikuwa wachache namna gani, na walikuwa wanajifunika blanketi ngapi. Na majirani zetu wa kaskazini wameshaona ubaya wake: mwezi wa Februari 2025 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa wiki 2 kwa sababu wanafunzi walikuwa wanazimia kwa joto, wengi wao wakisomea ndani ya majengo ya mabati. Hatusemi Mogogosiek itakuwa Juba. Tunasema mabati ni yale yale.

Sasa, nani anaumia hapa kwetu? Si mwenye gari. Si mwenye duka la mawe lenye veranda. Ni yule mama anayeuza managu na sukuma wiki chini, na saa nane mboga zimelala, na bei inalala nazo. Ni mama mjamzito anayengoja matatu stegini. Ni mzee anayetoka hospitali. Ni kijana wa boda boda anayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Na tusisahau majani ya chai. Nyinyi mnajua kuliko sisi: majani yaliyochumwa vizuri, majani mawili na chipukizi, yakikaa kwenye gunia juani huku lori limechelewa, yanashika joto na kuanza kuwa mekundu, na karani ana haki ya kuyakataa. Tumewahi kumwona mama akirudi nyumbani na mzigo wake wote mgongoni, jasho lake la asubuhi nzima likiwa limekataliwa. Mti mmoja mpana kando ya kibanda cha kupimia majani si urembo. Ni kilo.

Hapo ndipo tungependa vikundi vianze, na tutasema wazi: kama mna nguvu ya kupanda miti kumi tu, msianze mbele ya ofisi ya mkubwa. Anzeni pale watu wanapongoja. Kibanda cha majani, stegi, lango la zahanati, mahali akina mama wanapouzia mboga, njia ya watoto kwenda shule. Mtu anayepita haraka anaweza kuvumilia jua. Anayengoja saa mbili hana namna.

Jambo hili la kivuli cha njia si geni Afrika Mashariki. Ukifika Tabora au Ujiji, kule Tanzania, utaona miembe mikubwa ya zamani ambayo watu wanaihusisha na misafara iliyotoka pwani kwenda ziwani. Njia ile ilikuwa na uchungu mwingi, ya pembe na ya watumwa, lakini kivuli cha miembe kimebaki na watu bado wanakaa chini yake. Mombasa wana mwarobaini. Na sisi Wakipsigis, kokwet ilikaa wapi kuamua kesi za jirani na jirani? Chini ya mti. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba watu hawawezi kusikilizana wakiwa wamekunja uso kwa jua.

Jijini Nairobi, wengi wetu tulifuatilia habari za ule mgumo wa Waiyaki Way, Westlands. Barabara kubwa ya juu ilipokuwa inajengwa, mti ule wenye umri wa kama miaka mia ulikuwa umepangiwa kung'olewa. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Barabara ikajengwa, kilomita 27, ikafunguliwa mwaka 2022, na mgumo umebaki. Tulifurahi. Lakini tukumbuke pia kwamba miti mingine mingi iliyokuwa kando ya barabara ile haikupata amri ya rais. Mti mmoja mkubwa ulisifiwa kwenye magazeti, na wenzake wakaenda kimya kimya.

Tunataka kuwaambia habari ya senta moja, hatutaitaja, ambako sisi wenyewe tulishindwa. Tulipanda miche kwa shangwe. Mgeni wa heshima alikuja, nyimbo zikaimbwa, picha zikapigwa, kila mtu akashika jembe. Baada ya mwaka, miche iliyokuwa hai ungeihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mingine ililiwa na ng'ombe. Mingine ilikauka mwezi wa Januari kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anamwagilia. Na ile michache iliyokuwa imeshika vizuri, akaja mkandarasi wa kupanua barabara, akaipitia na tinga tinga kabla ya chai ya saa nne. Tulikimbia kwenda kulalamika. Tukaulizwa: barua iko wapi? Hatukuwa na barua. Tulikuwa tumepanda kwenye ardhi ya barabara bila kumwuliza mwenye barabara. Mkandarasi alikuwa na makosa yake, lakini kosa la kwanza lilikuwa letu.

Kwa hiyo tuanze na barua, hata kama ni sehemu ya kuchosha. Sheria ya barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iligawa barabara kwa mamlaka tatu: barabara kuu, barabara za mijini, na barabara za mashambani. Njia nyingine ziko chini ya kaunti. Kabla ya kuchimba shimo hata moja, kikundi kiulize kwa chifu au kwa ofisi ya wadi: barabara hii ni ya nani, na ardhi yake inafika wapi? Mara nyingi inafika ndani zaidi ya vile tunavyodhani, hata kupita ua wa mtu. Halafu andikeni barua, mseme mnataka kupanda miti gani, wapi, na nani ataitunza. Mkijibiwa, wekeni nakala tatu: moja kwa katibu, moja kwa chifu, moja kwa mzee wa kokwet. Karatasi moja hupotea na mwenye nayo. Na ulizeni pia kama barabara hiyo iko katika mpango wa kupanuliwa. Kama iko, pandeni nyuma ya mstari mpya, au mngoje.

Sasa tuje kwenye miti yenyewe, maana hapa ndipo mlipotaka kufika.

Mkaratusi usiupande barabarani. Tunajua mnaupenda. Unakua haraka, viwanda vya chai vinahitaji kuni, na una pesa. Upandeni mahali pake, mbali na mito na chemchemi. Lakini kwa kivuli hauna maana: angalieni majani yake yanavyoning'inia wima kama nguo kwenye kamba, jua linapita katikati. Tena matawi yake huanguka bila taarifa. Mgrevilia ni afadhali, lakini nao ni mwembamba, ni mti wa mbao na wa mpakani zaidi. Ile minazi ya urembo inayopandwa katikati ya barabara za miji mikubwa tusiige. Inapendeza kwenye picha, na kivuli chake kinamtosha mbuzi mmoja.

Tunapendekeza tebeswet. Ni mti wetu, unajiotea wenyewe, una majani mapana, unatanda kama mwavuli, na nyuki wanaupenda. Mbegu zake zina mafuta na hazikai sana, kwa hiyo zikusanywe zikipasuka na zioteshwe mara moja, au mchimbe miche inayojiotea chini ya mti mama wakati wa mvua. Silibwet pia inafaa. Tendwet ni mzuri na unadumu, lakini unakua polepole, na watu wakijua ni dawa wanauchuna gome mpaka unakufa umesimama. Simotwet ndiyo mfalme wa kivuli, ila mizizi yake haina adabu. Usiuweke karibu na nyumba, kalvati au bomba la maji. Uwekeni kwenye uwanja wa soko ambako una nafasi, mmoja unatosha watu mia. Parachichi acheni nyumbani. Likizaa barabarani watoto watatupa mawe, na jiwe likikosa parachichi litapata kioo cha matatu.

Chini ya nyaya za stima pandeni miti mifupi tu, au maua ya kichaka. Msipofanya hivyo, watu wa stima watakuja na misumeno na wana haki, na mti uliokatwa kichwa kila mwaka ni mti mgonjwa. Mara nyingi nguzo ziko upande mmoja wa barabara. Basi miti mirefu iende upande wa pili.

Na upande ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Sisi tuko karibu sana na ikweta, ambayo inapita kaskazini yetu pale Maseno. Jua linatoka mashariki, linapita karibu juu ya kichwa, linaingia magharibi. Jua baya ni la mchana hadi saa kumi, na linatoka magharibi. Kwa hiyo kama barabara yenu inakwenda kaskazini na kusini, miti ya upande wa magharibi ndiyo inayotupa kivuli juu ya barabara mchana. Maduka ya upande wa mashariki, yanayotazama magharibi, ndiyo yanayopigwa usoni, na wenye maduka hayo watakuwa marafiki wenu wa kwanza. Kama barabara inakwenda mashariki na magharibi, na mna miche ya upande mmoja tu, wekeni upande wa kusini, kwa sababu kiangazi chetu ni Desemba hadi Februari na wakati huo jua limeinama kusini. Fimbo na uzi vinatosha kupima haya. Simamisheni fimbo saa nane, muone kivuli kinaangukia wapi.

Shimo liwe futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na mbolea ya ng'ombe iliyooza, urudishwe kwanza. Karibu na lami udongo umeshindiliwa na mashine, mgumu kama tofali, na mche uliowekwa kwenye kishimo cha panga utazunguka mizizi yake humo humo kama uko kwenye sufuria. Nafasi kati ya mti na mti iwe mita 8 hadi 10 kwa miti inayotanda. Msipande ndani ya mtaro, maji yatakosa njia na barabara itabomoka. Pandeni nyuma yake. Msipande kwenye kona wala kwenye makutano, dereva lazima amwone mtoto. Matawi ya chini yapunguzwe mti unapokua ili watu wapite wima, na upande wa barabara lori la chai lipite bila kukwaruza.

Mama mmoja ametuuliza kabla ya kikao, na swali lake ni zuri: je, hamwoni miti na vichaka vitawaficha wezi? Ndiyo, tunaona. Kwa hiyo ua wa kichaka usizidi kiuno, na shina la mti liwe tupu mpaka juu ya kichwa cha mtu. Kivuli tunakitaka juu, chini pawe wazi. Ua mfupi bado una kazi, unazuia vumbi na moshi usiingie moja kwa moja kwenye mboga. Na mahali ambapo barabara ni nyembamba sana na maduka yamebanana pande zote mbili, msijaze miti mikubwa ikafungana juu, moshi wa magari utakosa pa kutokea. Tena radi zikianza, na huku kwetu zinaanza bila hodi, tokeni chini ya mti uliosimama peke yake.

Pandeni mvua za Machi na Aprili zikishika, si siku ambayo mgeni ana nafasi. Halafu mjue kwamba kazi haijaanza. Mche unakufa katika kiangazi chake cha kwanza. Debe moja la maji mara mbili kwa wiki, nyasi kavu zimezungushwa shinani, na kizuizi cha fito na miiba dhidi ya ng'ombe. Baada ya viangazi viwili mti unajitegemea.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa sikukuu nzima ya kupanda miti, na lengo lilikuwa miche milioni 100 kwa siku ile moja, ndani ya mpango wa kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni jambo jema na tulishika majembe kama wengine. Lakini wachache waliitiwa sikukuu ya kurudi kuitazama. Wangari Maathai alilielewa hili mapema. Tangu alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, vikundi vya akina mama vililipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliopandwa. Kule Freetown, Sierra Leone, walianza mwaka 2020 chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, wakilenga miti milioni moja, na wamepanda zaidi ya nusu milioni. Kila mti una namba yake, na mwananchi anayeutunza anaupiga picha kwa simu na kulipwa kidogo ukiwa hai. Na Medellín, kule Kolombia, kati ya 2016 na 2019 walitengeneza njia 30 za kijani, 18 kando ya barabara na 12 kando ya mito. Jiji lilitangaza kwamba joto lilishuka kama nyuzi 2 katika njia hizo. Kilichotuvutia sisi zaidi ni kwamba watu 75 kutoka mitaa ya maskini walifunzwa kutunza bustani zile na kupata kazi.

Sisi hatuna pesa za meya. Lakini tunaweza kuhesabu miti iliyo hai. Tunapendekeza kila mti upewe mwenyewe kwa jina, kwenye daftari la kikundi: mwenye duka lililo mbele yake, au mama anayeuza chini yake, au kijana wa stegi ile. Na daftari lisomwe kila mkutano, mti kwa mti, kama tunavyosoma michango. Anayemwagilia ndiye anayekaa kivulini kwanza. Mzee mmoja alituambia, "Sasa mnataka tupande miti ya watu wa matatu?" Tulimjibu kwamba ndiyo, na watu wa matatu ndio wataimwagilia. Wana mitungi ya maji ya kuoshea magari pale pale.

Kuna wenye maduka watakaoogopa kwamba mti utaziba kibao cha duka. Msiwapuuze, maana mti unaweza kuuawa usiku kwa chumvi au kwa kuchunwa gome, na kwenye miji mikubwa miti imeshakatwa ili mabango ya matangazo yaonekane. Mwiteni mwenye duka siku ya kupima. Achagueni naye mahali pa shimo. Mti ukihama hatua mbili, kibao kinaonekana na mti unapona.

Halafu swali la mwisho, ambalo tulilisikia hata kabla hatujakaa: mti wa barabarani ukikomaa ni mali ya nani? Wengine wanataka mbao, wengine kuni. Hapa hatutawaficha. Mti ulio kwenye ardhi ya barabara si wa kikundi kuuza. Matawi yaliyopunguzwa mnaweza kukubaliana kwenye ile barua kwamba ni kuni za waliotunza, na iandikwe. Anayetaka mbao apande shambani kwake. Na akina mama, mnajua jinsi ilivyo: mti wa shambani mara nyingi unahesabiwa ni wa mzee, hata kama mama ndiye aliyebeba maji. Mti wa barabarani una faida hii moja, kwamba jina lililo kwenye daftari ni la aliyeumwagilia.

Tumesikia pia kwamba baadhi ya vikundi mna akiba na mlikuwa mnataka kununua hema na viti vya kukodisha. Nunueni. Miti haiwezi kushindana na viti kwa kuleta pesa, na hatukuja kuwaambia mvunje mpango huo. Miche mkiotesha wenyewe kwenye pakiti kuu kuu za maziwa itawagharimu mikono tu. Tunachoomba ni zamu ya maji, Desemba mpaka Februari, miaka miwili. Kikundi ambacho hakiwezi kuahidi hivyo kisipande mwaka huu. Hatutakilaumu.

Wale mlio tayari, tukutane Alhamisi saa nane mchana pale stegini, jua likiwa kali. Mje na fimbo, uzi wa kupimia na daftari. Katibu wa kila kikundi aje na jina la ofisi aliyoambiwa kwamba ndiyo yenye barabara, na tutaandika barua pale pale, kila kikundi ya kwake, kabla hatujapima shimo la kwanza.